Mark Hanna na Mfuko wa Wenye Mali

Wasomaji wetu wengi wanayajua majina ya marais wa Marekani, kama Lincoln, Roosevelt na Kennedy. Lakini yuko mtu mmoja wa nchi ile ambaye hakuwa rais, wala hakupata kugombea urais, na hata hivyo kila mgombea wa huko tangu mwaka 1896 mpaka leo hupita katika njia aliyoifyeka yeye. Jina lake ni Marcus Alonzo Hanna, naye alijulikana kwa watu wote kwa jina la Mark Hanna. Twapenda kuyasimulia maisha yake leo kwa sababu mtu huyu hakuwa mwizi. Angalikuwa mwizi, habari yake ingalikuwa fupi, na kila mzazi angaliweza kuwaeleza watoto wake kwa maneno mawili. Kwa kuwa hakuwa mwizi, yatubidi tufikiri zaidi.

Alizaliwa tarehe 24 Septemba 1837 katika mji mdogo wa New Lisbon, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa daktari aliyeacha udaktari akaingia katika biashara ya vyakula pamoja na ndugu zake. Mwaka 1852 jamaa nzima ilihamia Cleveland, mji ulio kando ya ziwa Erie, na huko kijana Mark alisoma shule moja na John D. Rockefeller, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa mafuta ya taa. Chuoni hakukaa sana: alifanya mzaha uliowaudhi wakubwa wa chuo, wakamwondoa. Akavaa aproni dukani kwa baba yake, akasafiri na meli za ziwani kuwauzia watu wa migodi ya shaba na chuma.

Mwaka 1864 alimwoa Charlotte Augusta Rhodes, binti wa mfanya biashara mkubwa wa makaa ya mawe. Mkwewe hakumtaka hapo kwanza, maana mzee Rhodes alikuwa wa chama cha Democratic na Hanna wa chama cha Republican. Lakini miaka mitatu haikupita kabla hajamtia katika biashara yake, na mwaka 1885 kampuni ile ikaitwa kwa jina la Hanna mwenyewe. Alikuwa na migodi, meli, benki, magari ya reli ya mjini, gazeti, na hata jumba la michezo ya kuigiza. Alikuwa mtu wa maneno makavu na meza ya ukarimu. Kiamshakinywa cha nyumbani kwake, nyama iliyokatwakatwa na kukaangwa na viazi, kilisifiwa Washington nzima, na mambo mengi ya serikali yalikatwa hapo kabla sahani hazijaondolewa.

Yafaa tueleze jinsi alivyokutana na William McKinley. Mwaka 1876 wachimba makaa wa Massillon, Ohio, waligoma. Ghasia ikatokea, askari wakaitwa, na wachimbaji zaidi ya ishirini wakapelekwa mahakamani. Hakuna wakili aliyependa kuwatetea, ila McKinley, kijana wa miaka 33. Wote wakaachiliwa isipokuwa mmoja, naye wakili hakupokea ujira hata senti moja kwa maskini wale. Hanna alikuwa upande wa wenye migodi, yaani upande ulioshindwa. Kinyume cha desturi ya watu walioshindwa, hakumchukia kijana yule. Miaka kumi na miwili baadaye, katika mkutano wa chama wa mwaka 1888, alimwona McKinley akikataa kura za watu waliotaka kumteua kuwa mgombea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwahidi John Sherman kumsaidia. Tangu siku hiyo Hanna alimpenda kwa moyo wa kweli. Wengi wameandika kwamba Hanna alimtawala McKinley kama mtoto wa bandia. Sisi hatuamini hivyo. Ushahidi waonyesha kwamba tajiri yule alimheshimu sana mwanasiasa huyu, akamtii katika mambo mengi kuliko alivyotiiwa.

Sasa twafika mahali penye shina la habari yetu. McKinley alikuwa gavana wa Ohio, naye kwa wema tu alitia sahihi hati za madeni za rafiki yake mmoja, awe mdhamini wake. Mwaka 1893 mabenki ya Marekani yalitikisika, rafiki yule akafilisika, na gavana akajikuta anadaiwa dola zaidi ya 100,000. Mali yake yote haikutosha. Mkewe, aliyekuwa mgonjwa, alikuwa tayari kutoa urithi wake wote, na McKinley mwenyewe alitaka kuacha siasa arudi katika uwakili. Ndipo Hanna na rafiki zake walipozunguka kwa wenye viwanda na wafanya biashara, wakachanga, wakalilipa deni lote. Hakuna aliyeomba hati wala ahadi. Watu wa kawaida hawakumlaumu gavana. Walimhurumia, kwa kuwa mwaka ule wengi walikuwa wamefilisika kama yeye.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni lililolipwa na mtu mwingine, dawa yake ni nini? Hatusemi kwamba McKinley alikuwa mtu wa kununuliwa. Twasema tu kwamba tangu siku hiyo aliingia katika kila mashauri juu ya kodi za bidhaa na juu ya makampuni makubwa akiwa mtu aliyeokolewa na watu fulani, na wengine hawakumwokoa. Wachimba makaa wa Massillon wasingaliweza kumwokoa, hata wangalitaka.

Baada ya hapo Hanna alimwachia nduguye kazi za kampuni, akajitoa kabisa kumfanya rafiki yake kuwa rais. Alipanga nyumba huko Thomasville, jimbo la Georgia, apate kuwaalika wakubwa wa chama wa majimbo ya kusini. Alitumia mali yake mwenyewe, yapata dola 100,000, kabla McKinley hajateuliwa huko St. Louis mwezi wa Juni 1896. Chama cha watu waliowachukia Wakatoliki, ambacho siku zile kilikuwa na nguvu, kilimpiga vita McKinley kwa kudai kwamba yu rafiki wa Kanisa letu; Hanna hakutishika. Siku hizo alidhani uchaguzi utakuwa mwepesi, hata alitaka kwenda kupumzika melini.

Mwezi wa Julai chama cha Democratic kilikutana Chicago, kikamteua William Jennings Bryan wa Nebraska, mtu wa miaka 36, mwenye sauti iliyofika mwisho wa ukumbi. Hoja yake ilikuwa juu ya fedha. Katika lugha yetu neno fedha ni jina la madini na ni jina la sarafu pia, basi jambo hili laweza kueleweka kwetu kwa upesi. Wakulima wa magharibi na kusini walikuwa wamekopa, kisha bei za ngano na pamba zikashuka mwaka hata mwaka, lakini deni halikushuka. Bryan alitaka serikali ipige sarafu za fedha bila kiasi, uzani 16 wa fedha uhesabiwe sawa na uzani mmoja wa dhahabu, ingawa sokoni dhahabu ilikuwa na thamani karibu mara mbili ya hiyo. Sarafu zingekuwa nyingi, bei zingepanda, na mkulima angelipa deni lake kwa urahisi. Wenye mabenki walioikopesha nchi waliona katika neno hilo unyang'anyi. Askofu Mkuu John Ireland wa St. Paul, mtu aliyewapenda wafanya kazi, naye aliandika hadharani kuitetea dhahabu. Hivyo haikuwa vita ya wema na wabaya. Palikuwa na shauri zito, na watu wenye akili walikuwa pande zote mbili.

Bryan hakuwa na mali. Alichokuwa nacho ni sauti yake na tikiti za reli. Alisafiri zaidi ya kilomita 28,000, akahutubia mara mia kadhaa, mara nyingine akisimama nyuma ya behewa katika stesheni ndogo usiku wa manane. Mfuko wake wote haukufika dola milioni moja.

Hanna akaenda New York. Hapo kwanza mabwana wa mabenki hawakumfahamu. Kwao alikuwa mfanya biashara wa makaa kutoka bara. Ndipo James J. Hill, mwenye reli za kaskazini, alipomchukua garini mwake akampitisha ofisi kwa ofisi. Kabla ya siku hizo michango ya siasa ilikuwa mambo ya kubahatisha: tajiri mmoja atoa kwa hasira, mwingine atoa kwa urafiki, wa tatu ajificha. Hanna alileta utaratibu wa kampuni. Mabenki aliyakadiria robo ya asilimia moja ya mtaji wao. Kampuni nyingine alizipimia kwa kadiri ya nguvu zao. Standard Oil, kampuni ya mwanafunzi mwenzake wa zamani, ilitoa dola 250,000. Nyumba ya J. P. Morgan ilitoa kiasi hicho hicho. Hesabu iliyokubaliwa na chama chenyewe ilifika dola milioni tatu na nusu, na wako wanaodhani kwamba zilikuwa zaidi. Sheria ya wakati ule haikumlazimu mtu yeyote kuonyesha kitabu cha hesabu.

Wakristo tunaijua zaka. Mtu aweza kusema: kuna tofauti gani? Kila mmoja alitoa sehemu iliyopimwa, kwa ajili ya jambo aliloliamini. Tofauti ni hii, kwamba atoaye zaka hangojei Mungu aandike sheria ya kodi kwa faida yake. Tena aliyetoza hapa hakuwa serikali wala Kanisa, ila kamati ya chama kimoja. Mwenye benki aliyekataa aliweza kujiuliza usiku jina lake litasomwaje na watawala wapya.

Fedha ile ilitumiwa kwa bidii kubwa. Huko Chicago palikuwa na kijana Charles Dawes, mwenye miaka 31, aliyeshika vitabu vya matumizi kwa uaminifu; baadaye alikuja kuwa makamu wa rais. Vijitabu na karatasi zaidi ya milioni 200 zilipigwa chapa, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 70, kwa Kiingereza, Kijerumani, Kiitaliano, Kipolandi na lugha nyingine za wahamiaji. Wasemaji 1,400 walilipiwa safari. McKinley hakwenda po pote: alikaa barazani kwake mjini Canton, na watu wakaletwa kwake. Makampuni ya reli yalishusha nauli hata ikawa rahisi kusafiri kuliko kukaa nyumbani. Watu yapata 750,000 walifika. Waliyakanyaga majani yakafa, wakang'oa mbao za ua wawe na kumbukumbu. Roosevelt, aliyekuwa wa chama kile kile, alisema kwa mzaha kwamba Hanna amemtangaza McKinley kama watu watangazavyo dawa za madukani.

Hayo ni mambo ya kuchekesha kidogo. Yasiyochekesha ni yale yaliyotendeka katika baadhi ya viwanda, ambako wafanya kazi walielezwa kwamba Bryan akishinda wasije kazini kesho yake. Baba wa watoto watano akisikia maneno kama hayo siku chache kabla ya kura, hana haja ya kijitabu.

Tarehe 3 Novemba 1896 McKinley alishinda kwa kura za wajumbe 271 dhidi ya 176. Kura za wananchi zilikuwa kama milioni 7.1 kwa milioni 6.5. Je, fedha ndiyo iliyoshinda? Hatuwezi kusema hivyo kwa uhakika. Wafanya kazi wengi wa mijini waliogopa kwa haki yao wenyewe kwamba bei zikipanda mshahara hautapanda pamoja nazo. Lakini mtu akiuliza ni kwa nini hofu hiyo ilifika katika kila nyumba na malalamiko ya mkulima hayakufika, jibu limo katika vitabu vya Dawes.

Gazeti la New York Journal, la William Randolph Hearst, lilimchora Hanna mnene kupita kiasi, amevaa nguo zilizojaa alama za dola. Picha zile za Homer Davenport zilimwumiza moyo sana. Alikuwa na mke na watoto, wote wakaziona.

Rais mpya alitaka kumpa uwaziri wa posta. Hanna akakataa, alitaka kiti katika Senati. Kiti hicho kilikuwa cha John Sherman, mzee wa miaka 73 aliyekuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Sherman akafanywa waziri wa mambo ya nchi za nje, na Hanna akaingia Senati mwezi wa Machi 1897. Mwaka uliofuata baraza la Ohio lilimthibitisha kwa kura chache tu, na kelele za rushwa zikafuata, ingawa Senati haikumchukulia hatua. Twawaomba wasomaji wakumbuke Sherman alikuwa nani. Ndiye ambaye sheria ya mwaka 1890 ya kuzuia makampuni kuungana ili kumiliki soko lote inaitwa kwa jina lake. Na Hanna ndiye aliyemwandikia mwanasheria mkuu wa Ohio, mwaka ule ule 1890, kumsihi aache kuishtaki Standard Oil. Basi yule aliondoka Senati, na huyu akaingia.

Mwaka 1897 kodi za bidhaa zilizotoka nje zilipandishwa sana kwa sheria ya Dingley. Mwaka 1900 dhahabu ikawekwa na sheria kuwa msingi wa sarafu. Sheria ya Sherman ilitumiwa kwa nadra mno, na miaka ile makampuni yaliungana kuliko wakati wo wote kabla yake. Mwaka 1901 ikazaliwa United States Steel, kampuni ya kwanza duniani yenye mtaji uliozidi dola bilioni moja.

Hapa mwenye haraka atasema: tazama, walichonunua wamekipata. Lakini McKinley alikuwa mtetezi wa kodi za namna hiyo miaka mingi kabla ya kumjua Hanna vizuri. Sheria ya kodi ya mwaka 1890 iliitwa kwa jina lake. Matajiri hawakumgeuza imani. Walichofanya ni kumtafuta mtu aliyekwisha kuamini yale waliyoyapenda, kisha wakamfikisha mbele ya watu wote kwa sauti kubwa kuliko wengine. Sisi twaona hiyo ni hatari kubwa kuliko rushwa. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na hakimu aweza kuwafunga wote wawili. Katika jambo hili hakuna aliyepokea kitu kwa siri, hakuna aliyesema uongo juu ya imani yake, na bado wakulima wa Nebraska walijikuta wamechaguliwa wagombea wao kabla ya wao kuchagua.

Hanna mwenyewe alikuwa na dhamiri katika jambo hilo. Katika uchaguzi wa mwaka 1900 Standard Oil ilileta tena dola 250,000, naye akarudisha 50,000, kwa hesabu kwamba zimezidi fungu lao. Nyumba moja ya biashara ya Wall Street ilileta dola 10,000 pamoja na fununu ya upendeleo iliyoutaka, akazirudisha zote. Aliamini kwamba mchango ni halali mradi usifungwe na ombi. Kwetu neno takrima limetumiwa mara nyingi kwa maana kama hiyo, na wasomaji wanajua lilikotufikisha.

Mwaka 1900 alipinga kwa nguvu zote Theodore Roosevelt asiwe makamu wa rais. Alishindwa. Tarehe 6 Septemba 1901 McKinley alipigwa risasi mjini Buffalo, akafa tarehe 14, na Roosevelt akawa rais. Hanna alilia waziwazi. Miaka yake ya mwisho ilikuwa bora kuliko watu walivyotazamia. Aliongoza chama cha upatanishi kati ya wenye mali na wafanya kazi, akakaa meza moja na Samuel Gompers, mkuu wa vyama vya wafanya kazi, na Askofu Mkuu Ireland alikuwa mmoja wa wajumbe. Mwaka 1902 alisumbuka sana kutafuta suluhu katika mgomo mkubwa wa makaa. Wengi walimtaka agombee urais dhidi ya Roosevelt, lakini homa ya matumbo ilimshika, naye akafa Washington tarehe 15 Februari 1904, umri wake miaka 66. Alizikwa Cleveland, katika makaburi ya Lake View, ambako Rockefeller naye alikuja kuzikwa.

Mwaka ule ule chama chake kilikusanya kwa namna aliyoifundisha, na fungu kubwa likatoka tena kwa makampuni. Ndipo mwaka 1905 uchunguzi uliofanywa New York juu ya makampuni ya bima ya maisha ulipofichua jambo lililowaudhi watu kuliko habari zote za Standard Oil. New York Life ilikuwa imekipa chama dola zaidi ya 48,000 kwa uchaguzi wa 1904, na ilikuwa imefanya hivyo katika chaguzi mbili za nyuma pia. Fedha hizo zilikuwa za nani? Zilikuwa za baba wa jamaa waliolipa kidogo kidogo, ili siku wakifa wajane wao wasikose chakula. Wengi wao walikuwa wamempigia Bryan kura, huku akiba yao ikimlipia McKinley vijitabu. Hakuna aliyewauliza.

Roosevelt, aliyenufaika na michango ile ile, aliliomba Bunge la Marekani liipige marufuku. Tarehe 26 Januari 1907 ikatoka sheria iliyoletwa na seneta Tillman, kukataza kampuni na mabenki ya kitaifa kuwachangia wagombea wa vyeo vya nchi nzima. Haikuweka njia ya kuchungulia vitabu, na kwa miaka mingi haikumtisha mtu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1972 kampuni kadhaa kubwa zilipatikana na hatia ya kumchangia Rais Nixon kinyume cha sheria hiyo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kampuni haiwezi kuzuiwa kutumia mali yake yenyewe kueneza maneno wakati wa uchaguzi. Sheria ya mwaka 1907 haikufutwa. Kampuni ya Marekani hata leo hairuhusiwi kumtia mgombea fedha mkononi. Yaruhusiwa kutumia kiasi chochote kumsifu, au kumkashifu mshindani wake, mradi isipatane naye kwanza.